Walipoacha Kunihofia

Miaka ile niliyokuwa nimekonda, nyumba nzima ilikuwa macho juu yangu. Mama alinitazama mdomo kila nilipokula, baba alipiga simu kutoka zamu kuuliza kama nimekunywa chai, na shangazi alikuwa akija kutoka Bombo, mji wa karibu na Kampala, na gurusa, mikate ya Kinubi, zilizofungwa kwa kitambaa, anakaa pembeni yangu mpaka nimeze. Nilipoanza kunenepa, ulinzi wote huo ukaondolewa mara moja. Walimshukuru Mungu, wakaniambia nimenawiri, wakarudi kwenye shughuli zao. Kumbe ni katika kipindi hicho cha pili, watu wakinisifu mashavu, ndipo nilipokuwa nikiamka usiku na kula mpaka kifua kinabana, machozi yananitoka na bado natafuna. Nilikuwa mgonjwa bado, ugonjwa wa ulaji, ila hakukuwa tena na mtu wa kuniuliza. Haya ninayaandika kwa ajili ya aliye katika kipindi hicho cha pili, na kwa ajili ya mama yake.

Kilo zangu sitazitaja, wala hesabu ya nilichokuwa nakula au kuacha. Nilipokuwa mgonjwa nilizitafuta hesabu za namna hiyo katika kila simulizi niliyoisoma, nikazitumia kujipimia. Sitaki anayesoma hapa akiwa katika hali ile apate kitu cha kushindana nacho.

Nimekulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Baba ni mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mama ni Mnubi wa Bombo, na kwa kuwa kambini mna watu wa kila kabila la Uganda, Kiswahili ndicho tulichochezea na ndicho tulichogombezewa. Tuliishi chumba kimoja chenye pazia katikati, sigiri, jiko la makaa, nje mlangoni. Chakula tulikila kwenye sinia moja, mikono yote pamoja. Wengi hudhani kula pamoja hivi ni kinga, kwamba mtoto hawezi kujinyima mbele ya ndugu zake. Kwenye sinia ni rahisi kujificha kuliko kwenye sahani. Mkono unaoingia na kutoka unaonekana. Kilichomo mkononi hakuna anayekipima.

Watu wakisikia habari ya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, husema huo ni ugonjwa wa wasichana wa Kizungu wanaotaka kufanana na wanamitindo. Kwangu haukuanzia kwenye kioo. Nyanya, mzaa mama, alifariki nikiwa Senior 3, yaani kidato cha tatu. Msibani nilishindwa kula kama walivyoshindwa wengine, lakini arubaini ilipopita wao walirudi kwenye sinia na mimi sikurudi. Nilikuwa nimegundua kwamba njaa ikizidi, kichwa kinanyamaza. Mitihani, kelele za bweni, kilio cha mama upande wa pili wa pazia, vyote vinasogea mbali. Hofu ya kunenepa ilikuja baadaye, ugonjwa ukiwa umeshashika. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja wa Hong Kong, Sing Lee, aliandika katika miaka ya 1990 juu ya wagonjwa wa anoreksia ambao hawakutaja hofu ya unene hata kidogo. Walisema tumbo limejaa, au hamu ya kula imekwisha. Nilipoyasoma hayo nilijiona. Na ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko picha za wanamitindo: William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza, kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1873. Siku hizi watafiti wanajua kwamba urithi wa damu nao una sehemu kubwa. Kwa hiyo anayeambiwa ameiga Wazungu anaambiwa jambo lisilo na msingi, na linamfunga mdomo bure.

Shule ya bweni iliniruhusu kuugua kwa utulivu. Asubuhi uji, mchana posho (ugali) na maharagwe, jioni posho na maharagwe tena. Niligawa changu. Bwenini anayegawa chakula hupendwa, haulizwi maswali.

Lakini kilichonificha kuliko kitu chochote ni Ramadhani. Mwezi mzima hakuna anayekuuliza kwa nini hujala mchana, na jioni, wakati wa futari, watu wana njaa zao, hawana muda wa kukutazama. Mwezi ulipokwisha nikaendelea na mifungo ya hiari, siku sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi. Majirani walimwambia mama kwamba ana binti mcha Mungu. Ninaipenda dini yangu, na ni kwa mapenzi hayo nasema waziwazi: sikuwa nikifunga kwa ajili ya Mungu. Ugonjwa ulikuwa umejificha ndani ya ibada, mahali ambapo hakuna mtu mwenye adabu atakayeingia kuutafuta.

Nilipokonda kiasi cha kuonekana, hofu ya watu ilielekea kwingine kabisa. Hapa Uganda kukonda kuna historia yake. Mwaka 1982 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walianza kuonekana Kasensero, kijiji cha wavuvi kilichokuwa wilayani Rakai, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1985 madaktari, akiwemo David Serwadda, waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya ambao wenyeji waliuita Slim kwa jinsi unavyommaliza mtu mwili. Watu wa umri wa baba wamezika ndugu na wenzao waliokonda hivyo. Basi nilipokonda, wapangaji wa mlango wa pili walinong'ona silimu. Baba alinipeleka kupima. Alikaa nami kwenye benchi akiwa na sare yake, amenishika mkono kama mtoto mdogo, na majibu yalipotoka kwamba sina virusi aliomba nipimwe tena. Baada ya hapo kifua kikuu. Baada ya hapo minyoo. Baada ya hapo shekhe akaja kunisomea ruqya, kisomo cha Kurani cha kumponya mgonjwa, nikaketi chini ya shuka nyeupe nikimsikia mama akiitikia amina kwa sauti iliyopasuka. Hawakuacha kunitafutia tiba hata wiki moja, ila walitafuta pale ambapo maisha yao yaliwafundisha kutafuta. Chakula, kama jambo la kuugua kwa lenyewe, hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Baada ya mitihani ya Senior 4 nilianguka bafuni. Nililazwa, nikawekewa maji ya mshipa, nikaruhusiwa kurudi nyumbani na agizo moja tu: ale. Nalitaja jambo hili kwa sababu ya hatari yake. Mtu aliyekaa muda mrefu bila chakula cha kutosha akirudishiwa kwa ghafla, madini ya damu yanaweza kushuka haraka, hasa fosfeti, na moyo ukashindwa. Siku za mwanzo anatakiwa awe chini ya macho ya watabibu, na damu yake ipimwe. Mimi nilipita salama. Wapo wasiopita.

Kisha njaa ikaja.

Njaa ile sikuwa nimewahi kuisikia. Haikuwa tumboni. Ilikuwa kwenye meno, kwenye viganja, kwenye usingizi. Nilikula chakula cha mchana na kabla sijanawa mikono nilikuwa nawaza cha jioni. Wiki za mwanzo kila mtu alifurahi, nami nilifurahi, nikadhani ndiyo kupona. Halafu nikaona kwamba nikianza kula peke yangu sina breki. Usiku, wenzangu wakilala, nilianza na posho baridi iliyobaki kwenye sufuria, nikaenda kwenye kopo la karanga za kusaga, nikaingia kwenye sukari, nikamaliza mkate uliowekwa kwa chai ya watu wote. Ladha sikuisikia. Nilikula kwa haraka kama ninayefukuzwa, na hata tumbo lilipouma mkono uliendelea kwenda mdomoni, nami nikiutazama. Mchana nilitoka nje ya geti kununua kikomando, chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe. Vibanda vya chapati vipo vingi pale. Nilinunua kwa kijana huyu kidogo na kwa yule kidogo, kila mmoja nikimwambia nimetumwa. Nilikula nyuma ya ukuta wa kisima, nimegeukia ukuta.

Aibu ya kula hivi ni nzito kuliko aibu ya kutokula. Anayejinyima anaonewa huruma, au anaheshimiwa hata. Anayekula mkate wa ndugu zake usiku anaitwa mlafi, na mimi nilijiita hivyo kabla ya wengine.

Mama alinisikia. Aliniambia haya baada ya miaka: alikuwa akilala macho wazi nyuma ya pazia, anasikia kijiko kinagonga sufuria gizani, na kila kikigonga anasema alhamdulillahi, mwanangu anakula. Sijawahi kumlaumu kwa hilo hata kwa dakika moja. Alikuwa amekaa miaka akiomba asikie sauti ile.

Kulipokucha nilijiahidi kulipia. Nilifunga. Jua lilipozama nilifuturu kwa adabu, tende na maji, watu wakiniona. Saa sita za usiku nilikuwa kwenye sufuria. Kadiri nilivyofunga kwa ukali mchana ndivyo usiku ulivyokuwa mbaya zaidi, na kadiri usiku ulivyokuwa mbaya ndivyo asubuhi nilivyoapa kufunga kwa ukali zaidi. Nilizunguka humo mpaka nikiwa chuoni nasomea ualimu. Mwili ulikuwa umejaa kabisa wakati huo. Watu wa Bombo walinisalimia harusini kwa vigelegele: umenenepa, umependeza! Kwao ilikuwa sifa ya dhati, na nilijua hivyo, na kila sifa ilinipeleka chooni kulia.

Kambini watoto hutishana kwa kusema utapelekwa Butabika, kwa sababu hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili iko pale tangu 1955. Nami niliamini kwamba ukivuka mlango wowote wenye maneno afya ya akili umeshahesabiwa mwendawazimu. Rafiki yangu wa chuoni ndiye aliyenishika mkono tukaenda kliniki ya hospitali moja ya serikali. Aliyenipokea alikuwa tabibu wa magonjwa ya akili, si daktari bingwa, ni mmoja wa wale wenye stashahada ambao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hii katika nchi yetu. Mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni.

"Binti yangu," aliniuliza, "kabla ya kula hivyo usiku, mchana unakula nini?"

"Sili, mama. Nafunga."

"Na kabla haya ya usiku hayajaanza, ulikuwaje?"

Nilimwonyesha kwenye simu picha yangu ya Senior 4. Aliitazama muda mrefu, akaitazama sura yangu, akairudia picha. "Mwanangu, wewe hukupona ule ukapata huu. Hii ni safari moja."

Ndiye aliyenisimulia habari ya Minnesota, na nimekuja kuisoma mwenyewe mara nyingi. Mwishoni mwa 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea wapunguziwe chakula kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wenye njaa wa Ulaya baada ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa na anoreksia. Hakuna aliyeogopa kunenepa. Lakini njaa ilipowazidi walianza kufanya mambo niliyoyafanya mimi: kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi saa nzima, kukawia juu ya sahani, kuchanganya vyakula visivyochanganyika, kukasirika na kujitenga. Na walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula kiasi cha kutisha na kusema bado wana njaa, hata tumbo likiwa halina nafasi. Wengine hali hiyo iliwakaa miezi. Miili yao ilivuka uzito wa mwanzo, kisha kwa muda ikatulia.

Nilipomaliza kumsikiliza nililia kwa namna nyingine kabisa. Wanaume 36 wenye akili timamu, waliochaguliwa kwa uimara wao, na njaa iliwapeleka pale iliponipeleka mimi. Kwa hiyo haukuwa ulafi. Mwili ulikuwa unadai deni, na kila nilipofunga nilikuwa naliongeza.

Tabibu alinieleza na utendaji wake. Mafuta ya mwilini hutoa homoni inayoitwa leptini, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikiisha leptini inashuka, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ghrelini, inapanda, na ubongo unaacha mambo mengine unashughulikia chakula tu. Hali hiyo haiishi siku uzito unaporudi. Na kila mfungo mkali unairudisha upya.

Hapa pana mahali ambapo watu wengi huchanganyikiwa, nami nataka kupaeleza taratibu. Kula sana baada ya kujinyima muda mrefu si lazima uwe ugonjwa mpya. Mara nyingi ni mwili unaojijenga, na tiba yake ni kuuruhusu, mtu akiwa anaangaliwa. Kuna hali nyingine, ambapo mtu anakula kwa kupoteza kabisa udhibiti kisha analipia, kwa kutapika, kwa dawa za kuharisha, kwa mazoezi ya kujitesa, au kwa kufunga. Hiyo ni bulimia, ingawa wengi wanadhani bila kutapika haiwezi kuitwa hivyo. Kama bado amekonda sana, madaktari huihesabu ni sura nyingine ya anoreksia. Na kuna ugonjwa wa kula kupindukia wenyewe: chakula kingi mno ndani ya muda mfupi, mtu hawezi kujizuia, anakula haraka, peke yake, hadi maumivu, kisha anajichukia, bila kawaida ya kulipia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Albert Stunkard wa Marekani alieleza ulaji wa namna hiyo mwaka 1959, lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuja kuutambua kama ugonjwa unaosimama peke yake mwaka 2013, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, nayo inao.

Mimi nilipita katika zaidi ya moja. Mifungo yangu ya kulipia iliniweka upande wa bulimia, alisema tabibu. Kisha kukaja kipindi ambacho nguvu ya kufunga iliniisha na nikabaki nakula tu, na hicho ndicho kilichokuwa ugonjwa wa kula kupindukia. Kuhama hivyo si ajabu. Mwaka 1979 daktari Gerald Russell wa London, alipoieleza bulimia kwa mara ya kwanza kwa jina hilo, alikuwa na wagonjwa 30, na wengi wao walikuwa wamepitia anoreksia kabla. Wanaotoka kwenye anoreksia huelekea zaidi bulimia. Wanaofika kwenye kula kupindukia bila kulipia ni wachache kuliko hao. Na wengi wenye ugonjwa wa kula kupindukia hawajawahi kuwa na anoreksia maishani. Nalisema hili ili asiye na historia kama yangu asione kwamba ugonjwa wake hauna haki ya kutibiwa. Lakini aliye na historia kama yangu, aitaje mbele ya tabibu hata kama hakuulizwa, hata kama mwili wake wa leo haufanani kabisa na picha za zamani. Nikiwa nimejaa vile, kama ningenyamaza, mtu yeyote wa afya angenishauri nipunguze kula. Ushauri huo ungenirudisha moja kwa moja Senior 3.

Dawa niliyopewa ilinitia hofu kuliko sindano. Kula. Asubuhi, mchana, jioni, na kitu kidogo katikati, nisipitishe muda wa masaa matatu au manne bila kuweka kitu mdomoni, nikiwa na njaa au sina, na hata kama usiku uliopita nilikula sufuria nzima. Hasa kama usiku uliopita nilikula sufuria nzima. Njia hii ilipangwa vizuri na Christopher Fairburn wa Oxford, Uingereza, kwa watu wenye bulimia na wa kula kupindukia, na inafanyika hata kwa aliye na daftari na kalamu tu. Katika daftari langu niliandika saa, chakula, mahali nilipokilia, na nilichokuwa nahisi. Hesabu za kalori, yaani nguvu ya chakula, tabibu alizikataza kabisa.

Nilimuuliza: mama, tatizo langu ni kula, utanitibuje kwa kula? Alinijibu kwamba nijaribu, na kama sivyo nije nimgombeze.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Kunywa uji asubuhi tumbo likiwa bado zito kwa chakula cha usiku ni jambo linalodai imani. Lakini usiku ulianza kulegea. Siku niliyokula mara zote, njaa ya kwenye meno haikuja. Ilipokosekana njaa ile, kukabaki kula kwa namna moja tu, kule kulikokuja na huzuni: siku ya kumbukumbu ya nyanya, siku ya ugomvi nyumbani, siku ya matokeo. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nikiendeshwa na vitu viwili kwa pamoja, njaa na simanzi, na njaa ilikuwa imepiga kelele kiasi kwamba simanzi haikusikika. Njaa ilitibiwa kwa saa. Simanzi ilihitaji maneno, na maneno yalichukua muda mrefu zaidi, kwenye kiti cha kliniki, mara kwa mara, nikimzungumza nyanya ambaye sikuwa nimemlilia.

Kazi nyingine ilikuwa kurudisha vyakula nilivyoviogopa. Chapati ilikuwa ya kwanza. Tabibu aliniambia niile mchana, nimekaa, mbele ya mtu. Nilikula na dada yangu mlangoni, akinisimulia habari za mchumba wake, na chapati ikawa chapati.

Ramadhani ilipokaribia nilishikwa na woga wa aina yake. Baba ndiye aliyesema twende kwa shekhe, yuleyule wa ruqya. Nilimweleza yote, mara ya kwanza mbele ya baba. Shekhe alisoma aya ya 184 ya Surat al-Baqara, inayompa mgonjwa ruhusa ya kuacha kufunga na kutimiza siku nyingine, akasema katika hili yeye anamfuata tabibu, na tabibu akisema bado, basi bado. Kisha akamgeukia baba akamwambia asimwache mtu yeyote nyumbani aniulize. Mwezi ule mama aliniwekea chakula cha mchana nyuma ya pazia, nami nilikila nikisikia wadogo zangu waliofunga wakilalamika kiu. Sijui kama kuna kitu kigumu kuliko hicho nimewahi kukifanya. Nawaomba masheikh na maimamu wajue kwamba ugonjwa huu upo, kwa sababu msichana wa namna yangu hataamini ruhusa ya hospitali kama haijapita kwenu.

Nyumbani, kilichosaidia zaidi ni mambo madogo ambayo mama aliyafanya baada ya kuja nami kliniki. Mwanzoni, alipojua juu ya usiku, alikuwa amefungia mkate kwenye sanduku lenye kufuli. Tabibu alimwambia afungue, kwa kuwa chakula kilichofungiwa kinamrudishia mwili hofu ya kukosa. Akafungua. Aliacha kusema juu ya mwili wangu, mzuri au mbaya. Aliwaambia mashangazi nao waache, na kwa wanawake wa Bombo hilo ni ombi kubwa, maana kwetu kumsalimia mtu bila kumwambia amenenepa au amekonda ni kama hujamwona. Siku hizi huniuliza nimelalaje. Akisikia kijiko usiku anaamka, anakuja kukaa na mimi, na tunakunywa chai tu.

Siku mbaya bado zinakuja, hasa nikiacha mlo kwa sababu ya kazi. Nazijua zinakotoka, na kesho yake nakunywa uji wangu kama kawaida.

Sasa nafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na nalala jirani na bweni la wasichana. Namtazama anayegawa chakula chake kila siku. Namtazama pia aliyekonda muhula uliopita na muhula huu amerudi amejaa, wakati walimu wote wanampongeza. Mmoja wa namna hiyo nilimwita tukakaa kwenye ngazi za maktaba, nikamuuliza usiku unakuwaje. Aliniuliza kama nitamwambia mama yake. Nilimjibu kwamba tutamwambia pamoja, na kwamba mama hatakuja kugombeza, nitampigia mimi kwanza nimweleze. Mama alikuja Jumamosi. Tulikubaliana mambo mawili kwa kuanzia: mtoto asikose kitu cha saa nne hata siku ya mtihani, na Jumanne tuende sote watatu kliniki.